Baba wa Kwenye Runinga

Mpe Nathanieli Rwekaza wa Ijumbi habari za bei ya kahawa, mnyauko wa migomba au mchungaji mpya wa usharika, atakuchosha masikio. Lakini mkalishe na binti yake Joanitha sebuleni, ulimi unakuwa mzito, anabaki kukohoa na kuuliza kama mbuzi wamefungwa.

Si kwamba hakumpenda. Kwao, mambo ya moyoni baina ya baba na binti hupitia kwa shangazi. Baba akifurahi, shangazi anamwambia binti. Binti akitaka neno, shangazi analifikisha. Mama yake Joanitha alishaolewa kwingine, huko Rubafu, na shangazi Penina alipofariki, nyumbani zikabaki salamu za asubuhi na jioni. Nyumba ilipoa kweli.

Kisha ikaja tamthilia. Ilikuwa ya nje, imetiwa sauti za Kiswahili, kuhusu timu ya soka ya shule ya sekondari. Golikipa wa timu ile alikuwa na baba fundi magari, mkunja uso, ambaye hakuwahi kwenda kumtazama mwanawe akicheza. Nathanieli alimchukia mtu yule kana kwamba alimwibia mbuzi.

"Nenda, wewe!" aliifokea runinga. "Huoni mtoto anakutafuta kwa macho?"

Na aliyekuwa akimsikiliza, ameketi mkekani, ni Joanitha wa kidato cha tatu, golikipa wa timu ya wasichana ya shule yake, ambaye Nathanieli hakuwahi kwenda kumtazama hata mara moja. Watu wazima tuna vituko jamani.

Jioni moja Joanitha akajibu, macho yakiwa kwenye kioo. "Labda anaona aibu, Tata."

"Aibu ya nini?"

"Ya watu kuona kwamba anampenda."

Nathanieli alikohoa. Lakini kesho yake alianza mwenyewe: "Huyu kijana naye, si amwambie tu baba yake siku ya mechi?"

"Anaogopa atakataliwa."

Basi wakawa wamepata shangazi mpya, mwembamba, wa kuwashwa kwa rimoti. Kila jioni walimsema fundi magari na mwanawe, na kila mmoja alijua wanasemwa akina nani.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa Ijumaa. Kesho yake kulikuwa na fainali ya wasichana mjini Muleba, na Joanitha alikuwa ameianika jezi yake mbele ya mlango, mahali ambapo baba hawezi kupita bila kuiona. Kwenye runinga fundi magari alishika funguo, akausogelea mlango, na hapo umeme ukakatika. Nyumba za jirani ziliguna zote.

Walingoja. Umeme haukurudi. Joanitha akauliza taratibu, "Tata, unadhani atakwenda?"

Nathanieli aliigeukia runinga. Safari hii hapakuwa na picha ya kuitazama wala fundi wa kumfokea.

"Atakwenda," alisema mwishowe. "Ila asitegemewe kushangilia. Hakufundishwa."

"Si lazima ashangilie," alisema Joanitha. "Asimame tu mahali pa kuonekana."

Jumamosi Nathanieli alivaa koti lake la kanisani, na joto lile, akaenda kusimama nyuma ya goli la binti yake. Mechi ikafika kwenye penalti. Joanitha aliruka kushoto akaupangua mpira wa kwanza, na uwanja mzima ukalipuka. Nathanieli alitaka kupiga kelele kama wenzake, akaishia kuvua kofia na kuishika mkononi. Penalti zilizofuata zilimpita. Timu ya Joanitha ikafungwa, wasichana wakalia wakikumbatiana, nao baba na binti wakarudi Ijumbi bila kusema lolote la maana. Njiani alimuuliza kama mbuzi wamefungwa.

Jioni umeme ulikuwapo, na ile sehemu ya mwisho ilikuwa ikirudiwa. Majirani walishawasha; sauti ya fundi magari ilisikika hadi kwao. Joanitha, macho bado mekundu, akanyoosha mkono kuchukua rimoti.

"Iache," alisema Nathanieli.

Akasogea kwenye kiti, akampisha nafasi kando yake.

"Kaa hapa, mwanangu. Ile penalti ya kwanza. Ulijuaje kwamba atapiga kushoto?"