Gari la Mbio na Matenga ya Nyanya

Juzi nilikuwa gereji hapa mjini Morogoro, kijana mmoja anauza gari lake la Kijapani la mashindano ya mbio. Viti vya nyuma kang'oa, gari kalishusha hadi linakaribia kugusa ardhi, ndani kazungushia mabomba ya chuma. Wateja wanapiga picha na kuondoka, na mkewe keshamwambia achague: gari au yeye.

Akaja mkulima wa nyanya kutoka Mkuyuni.

"Shikamoo, mzee," kijana akamwamkia.

"Marahaba." Hakuuliza habari ya injini. Aligeuka, akakalia buti kwa uzito wake wote, akainuka, akakalia tena. Gari halikushuka hata kidogo.

"Springi ngumu! Hii inabeba matenga. Na haya mabomba ni ya kufungia kamba, siyo?"

Kijana akamwambia: "Mzee, nisikudanganye. Hili ni la mashindano."

"Kwani sisi tunafanya nini, mwanangu? Sokoni anayechelewa anarudi na nyanya zake."

Springi ngumu namna ile zinamrusha hata dereva. Mzee atafika wa kwanza kweli, ila atashusha rojo. Nikafungua mdomo nimwambie, nikamkumbuka mke wa kijana, nikaufunga.