Babu Asiyepanga Foleni

Kitabu kile cha hadithi kililetwa shuleni kwetu Zagayu ili tuwafundishe watoto usafi, na ukurasa mmoja tu ndio ulioniletea balaa. Ulikuwa na picha ya familia nzima imepanga foleni mbele ya choo kimoja: babu, mama, watoto, wote meno nje. Aliyeichora hakuwahi kukaa na wakwe wa Kisukuma. Huku kwetu baba mkwe haingii choo anachoingia mkamwana wake, hata abanwe vipi. Nilimwambia mwalimu mkuu. Akasema kitabu kimetoka wilayani, kifundishwe. Haya, nikafundisha.

Darasa la tatu lilicheka hadi madawati yakahama. Msichana mmoja tu hakucheka. Kwao choo kilikuwepo, lakini babu yake alikwenda kichakani nyuma ya shamba la pamba, na mdogo wake, aliyeshinda na babu, alimfuata huko huko na kurudi bila kunawa. Mtoto alikuwa haishi kuhara. Wiki ile walikuwa wamempeleka zahanati tena, na dada mtu aliogopa kwamba safari nyingine hatarudi. Akaniomba kitabu aende nacho nyumbani. Nikampa.

Asubuhi babu huyo hapo mlangoni, fimbo mkononi, kitabu kwapani, mjukuu nyuma yake.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, guku," nikamwitikia kwa Kisukuma, nikimwita babu.

"Huyu mzee wa kitabuni hana haya? Anasubiri choo pamoja na mkamwana wake, tena anacheka!"

Nilijing'ata ulimi nisicheke na mimi. Kumwambia mzee wa watu kwamba ile ni picha tu kungekuwa kumtukana mara ya pili. Msichana alichukua penseli, akachora kibanda cha nyasi upande wa pili wa ukurasa, na mshale kutoka kwa yule babu mpaka mlangoni. Mali ya serikali hiyo! Nikafumbua mdomo nimkaripie, lakini mzee akaniwahi.

"Mlango unatazama jikoni," alisema, ameinamia ukurasa. "Nitatokaje humo mama yako ananiangalia? Ugeuze."

Msichana akafuta, akaugeuza uelekee zizini. Mzee akaguna, akaondoka bila kuaga. Mwalimu mkuu alipouona ukurasa ule alininunia, nami nikamwacha anune.

Pamba ilipokwisha kuvunwa nilipita kwao. Kibanda kilikuwa kimesimama, mlango umeelekea zizini, kibuyu chirizi cha kunawia mikono kinaning'inia pembeni. Yule mtoto, mashavu yamemjaa, alikuwa akirukaruka nje ameshika kaptula yake. Nilifurahi hadi nikasahau kubisha hodi.

"Guku, toka! Nimebanwa!"

"Panga foleni!" babu akafoka kutoka ndani.