Bomba Namba Saba

Chama chetu cha ushirika cha kahawa, upande wa Kiogoro huko Kisii, kilikuwa na mabomba kumi na manne ya kunyunyizia dawa, na hakuna aliyejua yaliko. Nakosea. Mtu mmoja alijua, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alikuwa mzee wa stoo, hakusoma, na kila kitu alikiweka kichwani. Ukimuuliza bomba liko wapi, kwanza alinusa ugoro, halafu akakusimulia ukoo mzima wa aliyelichukua, nani aligombana na nani, nani alioa wapi, na mwishowe, ukiwa umechoka kusimama, akakutajia boma.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini ikielekea kwisha, ugonjwa wa kahawa ulipoingia kwetu. Punje ziligeuka nyeusi mtini kabla ya kuiva. Dawa ya mrututu isiponyunyizwa kwa wakati, mavuno yalikuwa yamekwenda, na kwa hiyo kila mkulima alitaka bomba wiki ileile. Mzee aliyagawa kwa kuwatazama watu usoni. Marafiki zake walipata mapema na wajane walipata baadaye. Mama yangu alikuwa mjane. Nilimwona akirudi mikono mitupu mara tatu, na sijasahau.

Kamati iliponiajiri kuwa karani nilikuwa na elimu ya kidato cha pili na majivuno ya kidato cha nne. Mwezi wa kwanza nilikata vipande vya bati, kimoja kwa kila mwanachama, nikatoboa juu yake namba ya mwanachama kwa msumari. Mabomba nikayapaka rangi, moja hadi kumi na nne. Nikapigilia misumari kumi na minne kwenye ubao ukutani. Aliyetaka bomba namba tano alikuja na kibati chake, akakitundika kwenye msumari wa tano, akaondoka nalo. Akilirudisha, anachukua kibati chake. Ukisimama mlangoni uliona kwa mtazamo mmoja mabomba mangapi yako nje na nani anayo.

Ubao ulifanya kazi, nasema bila haya. Ulimaliza upendeleo, kwa sababu msumari ulio wazi haumjui rafiki wa mtu. Wiki ya kwanza uligundua mabomba mawili ambayo mzee aliapa yako kwa mwalimu fulani, kumbe yalikuwa nyuma ya magunia ya mbolea mle mle stooni. Mama alinyunyizia kahawa yake kwa wakati. Nilitembea kichwa juu.

Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye ghala kubwa Nairobi. Ananiambia kila katoni lina kibandiko kinachojitaja chenyewe kwa mawimbi ya redio. Mashine inapita tu na kujua kila kitu kilipo, bila mtu kugusa wala kusoma. Akaongeza kwamba vibandiko hivyo vikiwa karibu na chuma au maji husumbua. Nikamwambia vyangu vilikuwa vya chuma na vilinyeshewa na mvua ya Kisii kila alasiri, na havikusumbua hata siku moja. Alicheka sana. Sikumweleza kilichosumbua.

Chama hakikuweza kuweka watu wawili stooni. Kamati ilisema wazi, mbele yetu sote: msimu ukiisha na mabomba yote yamerudi kwa kufuata ubao, mzee atapumzishwa. Yasiporudi, ubao utashuka na mimi nitakwenda nyumbani. Nilikuwa na mama na wadogo watatu wanaosoma. Mzee naye alikuwa na kipande cha shamba kisichotosha mbuzi kugeuka. Tuliendelea kufanya kazi pamoja, tukisalimiana vizuri. Nilimwita Tata, kama tunavyomwita kila mtu wa umri wa baba.

Msimu ulipokaribia mwisho, mabomba kumi na matatu yalikuwa yakitoka na kurudi kwa kufuata ubao. Namba saba halikurudi. Kibati kilikuwa cha kijana aliyeoa mwaka uleule. Nilimwita mara ya kwanza akaja, akasema bomba liko salama. Nikamuuliza liko wapi, akatazama chini. Nilimwandikia barua, akaipokea kwa mikono miwili, akaenda zake. Nilimwandikia ya pili. Wiki tatu zikapita, na wakulima watano walikuwa bado wanasubiri zamu zao, punje zikiendelea kuwa nyeusi. Mimi nikaamua kwamba ameuza. Nikaanza kuandika ripoti kwa kamati kwamba mwanachama huyo afukuzwe.

Mzee alinikuta nikiandika. Hakuweza kusoma, lakini namba ya kile kibati aliijua kwa umbo, na aliiona kwenye karatasi. Akaniuliza kama kweli ninaamini mtu anayetaka kuiba hukuachia namba yake ukutani. Nikasema sijui, ninachojua ni kwamba anakataa kusema.

"Hakatai," mzee alisema. "Hawezi. Mtu akiulizwa akatazama chini namna ile, hayo ni mambo ya ukweni."

Mara moja nilielewa, na niliona aibu kwamba sikuwa nimeelewa kabla. Mimi ni Mgusii kama yeye. Chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, nimelelewa nayo. Mwanamume hawezi kwenda kwa baba mkwe wake kudai kitu, hata kiwe cha chama, na hawezi kumtaja mkwe wake kwa karani ili barua imfikie. Afadhali afukuzwe. Nilijua yote hayo nikiwa nyumbani, na niliyaacha mlangoni kila asubuhi nilipoingia stooni.

Mzee alikuwa amekula kwenye ile harusi. Alimjua esigani, yule mshenga aliyekwenda kuposa kwa niaba ya kijana. Mshenga ndiye mtu pekee anayeweza kusema na wakwe jambo kama hilo bila kumvunjia mtu heshima. Alfajiri ya siku iliyofuata mzee aliondoka kumtafuta, wakaenda wote wawili hadi Nyamira. Shemeji wa kijana alikuwa amekuja kutembea, akaliona bomba, akaliazima kwa siku mbili kwa ajili ya kahawa ya baba yake, yaani mkwe wa kijana, na tangu hapo hakuna aliyeweza kufungua mdomo.

Mzee alirudi siku ya tatu, saa tano asubuhi, bomba mgongoni, matope hadi magotini. Alasiri ileile kamati ilikuwa inakutana, na mabomba mengine yote yalikuwa yamerudishwa ili yahesabiwe. Alikitoa kile kibati kwenye msumari wa saba, akaniwekea mkononi. Nilimuuliza kwa nini amefanya hivyo, naye anajua maana yake.

"Kahawa ya watu inaharibika," alisema. "Hayo mengine ni ya kamati." Akalibeba bomba nje kwenda kulisafisha.

Kwenye mkutano alikuwepo ofisa wa ushirika, mtu wa kando ya ziwa, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alisimama mbele ya ubao, akahesabu misumari kumi na minne mitupu, akafurahi. Alisema vyama vingine viige. Mwenyekiti akamwambia kwamba bado wanaye mzee mmoja anayesaidia kidogo. Ofisa akanigeukia akauliza kama ubao unatosha peke yake, au bado tunamhitaji huyo mtu.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye bomba, na mzee akikohoa.

"Unatosha," nilisema.

Walimpumzisha mwisho wa mwezi. Alinikabidhi funguo, akanionyesha jinsi ya kuinua mlango kidogo ili kufuli lifunguke, na akaniambia bomba namba kumi na moja linavuja kwenye mpira. Hakuniuliza nilisema nini mle ndani. Nadhani alisikia.

Msimu uliofuata mabomba mawili hayakurudi. Ubao ulinionyesha namba za walioyachukua, zote mbili, bila kosa. Niliwaita, wakaja, wakatazama chini. Nilijua boma la kwenda kuuliza. Kwa mzee kulikuwa mwendo wa nusu saa tu. Sikuwa na uso wa kwenda.