Nani Anakula Nyumbani kwa Mama Agata

Binamu yangu Cherotich ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuona orodha akaipita bila kuichokoa. Ulimwanza kule Buffalo, Marekani, alikokwenda kusomea uhasibu, akiishi kwa shangazi yetu katika kitongoji cha Cheektowaga. Shangazi akirudi na risiti ya dukani, binti alikuwa ameshaikagua kabla maziwa hayajaingia kwenye friji. Tulimcheka sana. Kisha kampuni moja ya wakaguzi ya Columbus ikamwajiri kwa ugonjwa uleule, nasi tuliocheka tukafyata mikia.

Kazi yao ni kuzunguka vyuoni na kuangalia kama vinafuata masharti ya serikali kuu kuhusu msaada wa masomo. Watu hudhani mkaguzi wa namna hiyo huwinda wanafunzi waongo. Si kweli. Anayekaguliwa ni chuo: je, kilimpa anayestahili, na kilipoingiwa na shaka, kiliuliza?

Mwaka 2015 Cherotich aliongoza ukaguzi kwa mara ya kwanza. Chuo kilikuwa Louisville. Jina lake nitalimeza, na majina ya watu nimeyabadilisha. Katika mafaili aliyoyachagua lilikuwamo la Agata, msichana wa mtaa wa Beechmont aliyezaliwa Butembo, Kongo, mwaka wa pili wa uuguzi. Msaada wake ulikuwa umesimamishwa. Usiporudi kabla ya mwezi kwisha angefutwa darasani, akapakie maboksi ghalani pamoja na mama yake. Tena ofisi ya misaada ya chuo ilikusudia kuishtaki familia kwa serikali kuwa ni wadanganyifu. Kwa watu waliokaa miaka katika kambi ya wakimbizi wakisubiri kuaminiwa, hilo linaondoa usingizi.

Na kosa lenyewe? Mama yake alikuwa ametia sahihi kwamba nyumbani kuna watoto tisa, wote wake. Lakini watatu kati yao tarehe zao za kuzaliwa zilipishana kwa miezi michache tu, wala si mapacha. Mkuu wa ofisi ya misaada, Bi Hartzell, alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu na kuwaondoa watoto hao kwenye hesabu ya familia, ambayo ndiyo hupimia msaada.

"Hakuna mwanamke anayezaa hivi," alimwambia Cherotich. "Ni uongo mtupu."

Cherotich alielewa palepale, na hasira zikampanda. Kwao Kericho nako watoto wengi walikula sufuria moja, na mgeni aliyethubutu kuuliza yupi wa kuzaliwa na yupi wa kuletwa hakukaribishwa chai tena. Mtoto wa ndugu yako aliyekufa ukimchukua, ni wako. Kusema vingine huku anasikia ni kumfukuza nyumbani kwa mdomo. Lakini hasira si ushahidi, na yeye alijua hilo kuliko mimi.

"Mliwauliza?" akasema.

"Tuliwaandikia barua, tukataka mama ataje watoto ambao si wake. Hakujibu." Bi Hartzell akatabasamu kidogo. "Kwani hawa ni watu wako?"

"Watu wangu wako Kericho. Butembo sijafika." Akaufungua mwongozo wa serikali. "Sharti haliulizi nani alizaa. Linauliza nani anaishi pale, na kama wazazi ndio wanaobeba zaidi ya nusu ya matumizi yake. Na habari zikigongana, ofisi inatakiwa kutatua kwanza, ndipo iamue. Waiteni, muwaulize hilo, nami nikiwapo."

Mkubwa wake wa Columbus alimwonya kwenye simu kwamba ikibainika amependelea, hataongoza tena ukaguzi. Akamjibu kwamba amesikia, na mkutano uko palepale.

Mama Agata alikuja amevaa kitenge cha Jumapili, pamoja na Agata na binti mdogo aitwaye Esperance, mmoja wa wale watatu, maana siku hiyo shule ilifungwa. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkono wa mtoto ameushika kwa nguvu. Cherotich aliomba azungumze naye Kiswahili, Agata awafasirie wenyeji.

"Karibu, mama."

"Aksanti, dada. Bon, minasema mbele: bote ni batoto yangu. Hata banifunge," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, chenye vipande vya Kifaransa.

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kukubali kupoteza kila kitu.

"Sikuulizi hilo, mama," Cherotich akasema. "Nauliza, nani anakula kwako?"

"Kukula?"

"Kula, kulala, viatu, dawa. Nani anawagharamia?"

"Njo mimi na baba yabo! Donc, nani mwengine?" Mkono ukalegea, na maneno yakamtoka kama maji. Mwanawe Paluku alikuwa amepasua suruali mbili. Mtoto wa mwisho ana kifua, kila baridi ni dawa. "Na huyu Esperance, uh! Anakulaka mikate kupita Paluku!"

Agata alifasiri huku akicheka, hata Bi Hartzell akashindwa kujizuia. Karatasi za kodi na za shule zililetwa, na zote zilisema hivyohivyo: nyumba moja, walezi walewale. Bi Hartzell akausoma mwongozo upya, kisha akauliza kwenye fomu, penye nafasi ya uhusiano, aandike nini.

"Andika lililo kweli," Cherotich akasema. "Analelewa na familia hii."

"Kwa wale watatu?"

"Kwa wote tisa."

Bi Hartzell akaandika hivyo kwa wote tisa, Agata akiwamo.

Msaada ulirudi kabla ya mwezi kwisha. Ripoti ya ukaguzi ikakitia chuo kosani, kikalazimika kufungua upya faili la kila familia kiliyoikata kwa mtindo huo, nyingi zikiwa za mitaa ya Beechmont na Iroquois. Mkubwa wa Columbus akampa Cherotich ukaguzi uliofuata bila kuombwa. Mimi niliposikia nilipiga vigelegele jikoni, mwanamume mzima, na sioni haya.

Siku ile ya mkutano Cherotich aliwasindikiza hadi mlangoni. Mama Agata alimkumbatia. Esperance alikuwa amenuna. Wakiwa ngazini alianza kulalamika kwa Kiingereza kwamba mama amemwaibisha mbele ya wageni: si kweli kwamba anakula mikate kumshinda Paluku.

Hilo tu ndilo lililomuuma.