Salongo Nyumbani kwa Yaya Adolphine

Ukitaka kumjua yaya wangu Adolphine, dada yangu mkubwa, usimwangalie usoni. Ingia salon yake, chumba cha wageni. Sakafu ya sima, saruji hii, aliipaka sira nyekundu, ile nta ya kung'arisha, kila juma, akaisugua kwa magoti, mpaka siku moja kuku wa jirani aliingia, akajiona chini, akapiga kelele na kutoka mbio. Mi nilikuwepo, sitii chumvi. Yaya hakucheka. Alimfuata yule kuku na kandambili mkononi mpaka mwisho wa avenue, kwa sababu aliacha alama za miguu.

Kolwezi, mji wetu wa shaba, upande wote wa site wanakokaa wafanyakazi, walimjua kwa pua yake. Godoro la mtoto anayekojoa, panya aliyefia juu ya dari, kikapu cha samaki kilichosahauliwa katika wagoni ya treni kutoka Dilolo, wenye mambo hayo wote walikuja kumwita. Alikuwa anasimama mlangoni, anafunga macho, anavuta hewa mara moja, kisha anasema, "Iko nyuma ya kabati." Na kweli, iko nyuma ya kabati! Kisha anakunja mikono ya blauzi, anaitisha majivu, ndimu, maji ya moto na sabuni ya kipande, na watu wa nyumba wanatolewa inje hata kama ni wazee. Malipo hakutaka. Alitaka kusifiwa, na ukisahau kumsifu anakukumbusha mwenyewe.

Kwenye kadi yake alikuwa Citoyenne Mbayo, yaani raia Mbayo, maana ilikuwa ile miaka serikali ya Zaïre ilipotuambia tuache majina ya watakatifu. Lakini nyumbani nani angemwita Mbayo? Alikuwa Adolphine, na bwana yake, Tata Mwenze, yaani Baba Mwenze, alikuwa fundi cherehani, ambaye siku hizo alikuwa anashona abakosti, zile suti zisizotaka tai, mpaka vidole vinavimba, kwa sababu wanaume wote wametupa kravati. Mtu mpole, Mwenze. Kosa lake lilikuwa moja tu, alipenda kusaidia.

Sasa, walikuwa na binti mmoja, Mado. Na Mado alipendwa na kijana mmoja wa Tenke, Mukasai, yaani mtu wa Kasai, jina lake Tshimanga, makanika wa treni, mwenye meno mazuri na adabu. Mado naye alimpenda mpaka ikawa aibu. Barua ikichelewa, hali bukari, ugali wetu. Barua ikifika, hali vilevile, anasoma. Jamaa ya Tshimanga wakatuma neno kwamba watakuja Jumapili, baada ya misa, kuleta maneno ya ndoa. Tulifurahi, tukaruka. Kisha tukasikia kwamba tantine Tshibola anakuja nao, na tukakaa chini.

Huyu Tshibola alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba wa Tshimanga. Na katika jamaa yao ilikuwa hivi: siku ya kwanza, tantine anaingia peke yake katika nyumba ya mama wa msichana. Wanaume wanangoja inje na viatu vyao vya kung'aa. Anazunguka, anaangalia, ananusa. Akitoka akakaa kwenye kiti, maneno yanaendelea. Akitoka akashika njia, wanaume wanashika njia nyuma yake, na ndoa imekufa. Kule Kisenge aliwahi kushika njia kwa sababu ya samaki mmoja wa zamani chini ya meza ya jikoni. Yule msichana wa Kisenge, walituambia, mpaka leo yuko kwao. Mado aliposikia hayo alianza kulia akiwa bado anachambua sombe, majani ya mhogo.

"Unalia ya nini?" yaya akamwambia. "Weye uko mutoto ya Adolphine. Aje na pua yake, atairudisha Tenke na njaa."

Maneno matamu. Lakini wageni wanahitaji munkoyo, ile pombe yetu nyepesi ya uji wa mahindi na mizizi, na wageni walikuwa wengi kuliko sufuria zetu. Ndipo Mwenze akasaidia. Ijumaa alirudi kutoka sokoni akibingirisha pipa la chuma.

"Tata Mado, hii pipa ilikuwa na nini?" yaya akauliza.

"Mafuta ya ngazi, mama. Ni chakula. Nusa mwenyewe."

Alinusa, na pipa lilinukia mafuta ya ngazi, haya ya mawese, kweli kabisa. Sasa, kila mtu wa Kolwezi anajua kwamba pale usini, kiwandani, wanapoosha mawe ya shaba, wanatumia mafuta ya ngazi kwa wagoni na wagoni. Mwenze alijua hivyo, mi nilijua hivyo. Na kwa kichwa chetu cha watu wa hapa tukasema, basi pipa la usini ni pipa la chakula, safi kuliko mengine. Jambo tusilojua ni kwamba kabla ya kukutana na mawe, mafuta yale yanachanganywa na mazuti, ile dizeli ya kamio, ya malori. Na mazuti ilikuwa imelala chini ya pipa, imegandamana na mafuta, imenyamaza.

Yaya akalisugua pipa na mchanga na ndimu, akaliweka katikati ya salon ambapo kuna joto, akamwaga ndani uji wa moto. Moto, nasema! Uji ukayeyusha yote.

Jumamosi asubuhi Mwenze aliamka wa kwanza, akafunua kifuniko ili aonje. Akaonja. Mi nilikuwa nimelala kwao, nikamsikia akikohoa kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Nilipotoka, nikaona juu ya munkoyo utando mweusi unaong'aa rangi zote, na harufu, mama yangu wee, ilikuwa gereji nzima imehamia kwetu. Mtu mwenye akili angemwita mke wake. Mwenze akaamua kulitoa pipa inje polepole kabla mke wake hajaamka. Akalikumbatia, akainua, akarudi nyuma hatua moja juu ya ile sakafu yenye sira.

Kuku aliikimbia sakafu ile. Mwenze hakupata nafasi ya kukimbia. Alienda chini, pipa likaenda juu yake, na uji wa mazuti ukaenda kila mahali, chini ya viti, chini ya cherehani, mpaka kwenye mapazia. Halafu, kwa sababu anapenda kusaidia, akainuka, akachukua ndoo ya maji na kumwaga juu ya uji ule. Mafuta yakapanda juu ya maji, maji yakabeba mafuta, na vyote pamoja vikaingia chumba cha kulala kumsalimia yaya kitandani.

Sitaandika alichosema yaya. Mi ni mkristo.

Mado akatoka, akaona, akaketi kwenye mlango na kuanza kulia kwa sauti kwamba ndiyo basi, ndoa imekwisha. "Njo imekwisha! Njo imekwisha!" Mi nikamwambia anyamaze au nimpige, na mi mwenyewe nilikuwa nalia, sijui kwa huzuni au kwa kumwona shemeji Mwenze na uji masikioni.

Katikati ya hayo tukasikia firimbi. Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kila mtu inje na ufagio kusafisha avenue, na ukikosa unapata maneno. Tata Kazadi, shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, akaja mpaka mlangoni na abakosti mpya kabisa, kazi ya Mwenze mwenyewe.

"Citoyenne Mbayo! Bantu bote beko inje! Ju ya nini weye hautoke?"

"Salongo iko humu ndani!" yaya akapiga kelele. "Ingia, uone!"

Kazadi akaingia. Ningemwambia asikanyage pale, lakini sikuwahi, na kusema kweli sikujaribu sana. Alipita salon yote bila kutembea, akasimamishwa na ukuta. Alipoinuka, abakosti ilikuwa na ramani ya Zaïre kwa nyuma. Akajiangalia. Akaangalia sakafu. Akatoka mlangoni na kuangalia avenue, ambapo watu walikuwa wanafagia majani matatu. Kisha akapuliza firimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Salongo ni kutosha buchafu ya kartye!" akatangaza, maana yake kuutoa uchafu wa mtaa. "Na buchafu ya kartye iko huku! Bote mukuye!"

Wakaja, wote! Mafagio, makoleo, mabeseni. Na kila mmoja alikuja na dawa ya kwao. Mama mmoja wa Kasai akaleta gunia la majivu. Mzee mmoja wa kabila la Lunda akaleta unga wa mbao kutoka kwa seremala. Mwingine akaweka majani ya mkalitusi juu ya mbabula, jiko la makaa, na moshi ukajaa mpaka tukawa tunasugua miguu ya wenzetu tukidhani ni ya viti. Kisha msichana mmoja, maskini, akafungua chupa ya marashi.

"Nani ameleta marashi?" Sauti ya yaya ilikata moshi. Alipanda juu ya kiti. "Harufu haifunikwe! Harufu inatoshwa! Toka na ile chupa yako! Na nikiona mutu anashika maji, nitamukunywesha! Kwanza bikavu!"

Basi tukaanza na vikavu. Unga wa mbao, majivu, makapi ya mahindi, tukavimwaga, tukavikanyaga, tukacheza juu yake ili vinywe mafuta. Mtu akaanza wimbo wa salongo na sisi tukaitikia, na Kazadi, ambaye hakuwa na chochote tena cha kuokoa, alicheza kuliko wote. Tukafagia, tukatupa, tukamwaga tena. Halafu ndipo maji ya moto yakaruhusiwa, na sabuni, na burushi, na magoti. Pipa tulilitoboa ili mtu mwingine asisaidiwe nalo. Mchana ulipopinda, watu walirudi kwao wakinuka kama makamio lakini wakicheka, na Mado alikuwa amekula kipande cha mhogo.

Sira yote ilikuwa imekwisha. Sakafu ilikuwa kijivu, uchi. Yaya akazunguka akinusa, chumba kwa chumba, na mi nyuma yake. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Kisha akasimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, pale sima ilipopasuka. Ufa mdogo tu. Mazuti ilikuwa imeingia humo.

Tulisugua ule ufa mpaka usiku ukatufukuza. Jumapili, jua lilipopiga bati, ukaanza tena kutoa pumzi.

"Weka kabati juu yake," nikamwambia. "Nani ataona?"

Akaniangalia kana kwamba nimependekeza tumzike Mado pale. "Elise, mi sifunike harufu."

"Basi ufunike ndoa ya mutoto wako!" Nilikasirika kweli. Akafunga kitambaa kichwani, akaenda kufungua mlango.

Baada ya misa wale wa Tenke wakaja. Wanaume wakabaki uani, Tshimanga katikati yao, jasho linamtoka. Tantine Tshibola akaingia, mama mnene, mrefu, maputa mazuri ya kitenge, mkoba umebanwa chini ya kwapa. Mi na Mado tulijificha nyuma ya pazia la jikoni, na Mado alinibana mkono mpaka nikataka kumng'ata. Tshibola akazunguka salon. Akapitisha kidole juu ya cherehani. Akaenda jikoni kwa pua tu, akarudi. Akafika kwenye ufa, akasimama.

"Mazuti," akasema.

Nikafunga macho. Nikasikia sauti ya yaya, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Ndiyo, mama. Ni mazuti." Na akaanza kueleza. Pipa, uji, Mwenze, ndoo ya maji, Kazadi na ukuta, hakuficha kitu. Tshibola alisimama kama nguzo. Ila mkoba ulianza kutikisika.

"Na bwana yako... alionja?"

"Alionja, mama."

"Sasa iko namna gani?"

"Tangu jana anabeua kama kamio inapanda mulima."

Tshibola akaachia mkoba. Alicheka mpaka akashika ukuta, alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti iliyotoka mpaka uani, na wanaume kule wakaanza kuulizana kuna nini. Alipopata pumzi akavua viatu.

"Bwana yangu alifanya kazi ya lokomotivu, Mungu amupumuzishe," akasema, huku akipandisha maputa na kupiga magoti. "Mashuka yangu, mito yangu, batoto yangu, bote walinuka hii. Ufa haisuguliwe, mama. Inanyonywa. Lete majivu na unga ya mahindi, ukoroge na maji ya moto, tuijaze humu."

"Unga itaacha alama," yaya akasema. Hata siku ile hakuweza kujizuia!

"Itaacha nini? Leta!"

Wakagombana juu ya unga. Wakagombana juu ya maji, kama yamechemka au hayajachemka. Wakajaza ufa, wakangoja, wakakwangua, tope likatoka jeusi, wakajaza tena. Wanaume wakaita kutoka uani: je, tantine anatoka? Tshibola akatoa kichwa dirishani, majivu mpaka puani.

"Muanze kuongea mali ya ndoa benyewe! Mi na mukwe wangu tuko na kazi!"

Mukwe! Mado akararua pazia kwa kutoka. Vigelegele vikaanza kwangu, vikapokewa na jirani, vikashuka avenue yote, na Kazadi akapuliza firimbi bila sababu. Mwenze akamkumbatia Tshimanga, akambeulia begani. Mado alikuwa anazunguka uani akicheka, anashikwa na huyu na yule, na wale wa Tenke walikuwa tayari wanamwita mutoto wetu.

Nikakumbuka yaya, nikarudi ndani. Tshibola alikuwa amekaa chini, anapumzika. Yaya alikuwa bado amepiga magoti juu ya ufa na burushi, anasugua. Nikainama, nikanusa. Hakukuwa na kitu, sima tu na majivu.

"Yaya, inatosha. Harufu imekwisha."

"Niko najua," akasema bila kuinua kichwa, na matone yalikuwa yanaanguka mbele ya burushi. "Niache nisugue, Elise. Nikiinuka tu, njo Mado atakuwa ameenda."