Spiriti ya Furu

Siku ile mjomba wangu alipobisha hodi stoo akiwa na chupa tupu ya juisi, naikumbuka kama ya jana. Mwanangu, nakusimulia kwa sababu umepata kazi maabara ya hospitali, na wiki haijaisha nasikia ndugu wameshaanza kukupigia simu.

Nilikuwa binti, natunza stoo ya kituo cha utafiti wa samaki hapa Mwanza. Kazi yenyewe ilikuwa chupa: ndani yake furu, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, wamelazwa kwenye spiriti wasioze. Sangara, lile samaki kubwa lililopandikizwa ziwani, alikuwa anawamaliza majini. Wengine hawakuonekana tena wavuni, walibaki kwangu tu. Spiriti yenyewe ilikuja kali, safi kama maji ya mvua. Wauguzi hufutia ngozi kabla ya sindano, maseremala huyeyushia vanishi, sisi tulihifadhia samaki. Si kinywaji, ingawa pua ya mlevi haikubali.

Mjomba ndiye aliyenitafutia kazi ile. Na wiki hiyo wageni walikuwa wanakuja nyumbani Mabatini kuleta mahari yangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nijazie hii. Tutachanganya na soda, wazee wachangamke."

"Hii ni ya samaki, mjomba. Itawadhuru wazee."

"Chupa moja tu! Kwani nani amekuweka hapa?"

"Ni wewe. Uliniweka nilinde."

Akanitupia methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ulimi wangu haujawahi kuwa na breki. Nikamjibu kwamba guu likivunjika nitalisafisha kwa spiriti hiyohiyo. Nikafunga mlango. Mikono ilinitetemeka, sikufichi.

Mahari ikapokelewa kiti cha mjomba kikiwa kitupu. Unajua uzito wake kwetu, binti kuolewa mjomba amesusa! Shangazi zangu wakaninunia, mama akalia. Iliniuma sana. Lakini nilikataa kwenda kupiga magoti, na leo ningekataa tena. Bandu bandu huisha gogo. Leo mjomba, kesho bosi, keshokutwa samaki wameozea kwenye chupa kavu.

Miaka ikapita. Siku moja mjomba akaja mwenyewe na fimbo yake, amezeeka, akataka aonyeshwe hao samaki niliowapenda kuliko yeye. Nikampeleka. Akasimama mbele ya furu mmoja mwenye mdomo mpana, rangi yake imeshapauka.

"Huyu tulimvua kwa ndoano utotoni," akasema. "Siku hizi yuko wapi?"

"Yuko humo tu, mjomba."

Akagusa kioo kwa kidole. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Tukaenda kunywa chai.

Basi, mwanangu, ndugu wakija na chupa zao, wasalimie kwa magoti yote mawili, kisha uwakatalie. Heshima si utumwa. Ulichokabidhiwa ukitunze si chako kugawa, hata kwa aliyekushika mkono ukaajiriwa. Watakuita mwenye majivuno, waache waite. Wakinuna, wanune, chai ipo siku watakayorudi.

Mungu akujalie mkono usiotetemeka. Na ukitetemeka, akujalie uufunge mlango hivyo hivyo.