Mstari wa Wino kwenye Kiti Cheupe

Leo sabuni ya mche imeniishia mkononi, kikabaki kipande chembamba, na harufu yake ikanirudisha kwenye besimenti yetu, chumba cha chini ya nyumba, kule Hyattsville, Marekani, nilikokulia.

Baba alikuwa fundi wa kuvalisha viti, na mistari ya kushona aliichora kwa vipande kama hivi. Kwenye kitambaa cheusi vilitosha. Lakini safari ile mteja alileta ngozi ya plastiki, nyeupe kama maziwa, na sabuni haikuonekana. Baba akachukua kalamu ya wino. Alipomaliza kushona, mstari ulibaki pembeni ya mshono. Akausugua kwa spiriti. Wino ukasambaa na kuzama ndani. Ngozi nyingine haikuwepo.

Kengele ya mlango ikalia.

“Njoo ukae hapa, mama,” Baba alininong'oneza, akanikalisha mimi bintiye mdogo kitini, juu ya doa. “Usiinuke.”

Mteja, mama wa Kimarekani, akakizunguka kiti akipapasa mishono. Plastiki ilinigandia mapajani kwa jasho. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akatabasamu, akaninyooshea mkono.

“Umekaa kama malkia,” aliniambia kwa Kiingereza. “Haya, nipishe na mimi nikae.”

Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anatazama sakafu.